Daftari la Ghala la Tumati

Kwenye mteremko mmoja wa Tumati, huko Mbulu, palikuwa na ghala, na mwenye ghala alikuwa Mzee Tembo. Alilipataje? Alilikalia. Siku moja alipanda mlima, akahema, akaketi, na kwa uzito ule hakutokea mnyama wa kumwambia asimame. Mavuno yaliyofuata yalimkuta anaitwa mmiliki.

Chini ya ghala waliishi punda mia mbili. Kazi yao ilikuwa kuteremka hadi nyanda za ngano za Basotu, upande wa Hanang, kupakiwa magunia, kupanda nayo hadi ghalani, kisha kuyapeleka sokoni Dongobesh. Ujira ulikuwa kibaba kimoja cha pumba kila jioni. Juu ya mlango wa ghala Mzee Tembo aliandikisha kwa chokaa: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE. Hakuwahi kupigwa teke hata siku moja, ila alipenda kujihami mapema.

Habari za dunia zililetwa na Kunguru, aliyekuwa akilala Basotu na kushinda Tumati. Na hapa nataka jambo moja lieleweke, kwa sababu wapo wanaomsifu Mzee Tembo kwa akili: hakuwa nayo. Kila alichowafanyia punda alikisikia kwa Kunguru, na Kunguru alikiona kwa binadamu.

Basi ukaja mwaka wa neema. Ngano ilijaa hadi magunia yakakosa kamba. Jioni moja, wingu zito limetanda juu ya Mlima Hanang, punda mmoja mwenye kifua kipana, jina lake Kihongwe, alifika katikati ya mteremko akasimama. Punda hagomi kwa kelele. Punda hugoma kwa kusimama. Na kwa kuwa njia ile ni nyembamba, mia moja tisini na tisa waliokuwa nyuma yake wakasimama nao, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, mvua ikinusa magunia.

"Wanataka nini?" Mzee Tembo alifoka kutoka juu.

"Vibaba viwili," Kihongwe akajibu. "Jumapili tupumzike. Na mwenye jeraha mgongoni asipakiwe hadi lipone."

Mzee Tembo aliangalia wingu, akaangalia ngano, akakubali vyote vitatu. Huo ndio ukawa mkataba wa kwanza wa hali bora pale Tumati, ukaandikwa kwa kwato kwenye udongo mbichi. Punda wakaunda Umoja wa Wabeba Magunia, na Kihongwe akawa katibu wao.

Usiku ule Mzee Tembo hakulala. Alimwita Kunguru. "Binadamu wakipatwa na hili hufanyaje?"

Kunguru akasafisha mdomo. Akasimulia kwamba wafanyakazi wa Tanganyika walikuwa na shirikisho lao, TFL, tangu 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Uhuru ulipopatikana Kawawa akawa Waziri Mkuu, Januari 1962, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria zilizofanya mgomo halali kuwa jambo la nadra. Waliobaki kwenye vyama wakabisha. Januari 1964 askari wakaasi, na maasi yalipozimwa viongozi kadhaa wa wafanyakazi wakajikuta ndani. TFL ikavunjwa. Ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa wote, na katibu mkuu wake akateuliwa na Rais.

"Akamteua nani?"

"Michael Kamaliza. Waziri wa Kazi."

Mzee Tembo alikaa kimya kidogo. "Yaani anayeomba na anayeombwa ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, Mzee. Kikao hakichukui muda."

Asubuhi Kihongwe aliitwa kunywa uji. Alipotoka alikuwa Msimamizi Mkuu wa Vibaba, na tangu siku hiyo hakubeba gunia tena. Ukatibu wa Umoja akapewa Ngiri. Punda walishangaa, maana Ngiri si punda, lakini wakaambiwa ana uzoefu. Msomaji aliyewahi kumtazama ngiri akila anajua kwamba hula amepiga magoti. Mzee Tembo alikuwa amelitazama hilo kwa makini. Ada ya Umoja, konzi moja ya pumba kwa kila punda, ikawa inakatwa palepale ghalani kabla kibaba hakijatoka, hivyo Ngiri hakuwa na haja ya kuteremka mazizini kuomba. Naye Bundi akawekwa kwenye mti kupitia kila mkataba na kuona kama hauvuki kiwango alichokipanga Mzee. Hilo nalo liliigwa kwa binadamu, walioanzisha Baraza la Kudumu la Kazi mwaka 1967.

Nisiwe mwongo: miaka ile punda hawakuteseka. Vibaba viwili vilitoka. Aliyetaka kumfukuza punda alilazimika kueleza sababu mbele ya kamati, na sababu nyingi zilikataliwa. Chumvi ya kulamba ililetwa bure. Mei Mosi waligawiwa fulana, zilizokatwa kwa kipimo cha ngiri, wakapita mbele ya Mzee Tembo wakiimba kwamba ghala ni letu. Punda Hodari wa mwaka alipewa debe. Waliokuwa wakilalamika waliulizwa: kwani umekosa nini? Na kwa kweli hawakukosa kitu ila uwezo wa kusimama mteremkoni, na mwaka wa neema nani anakumbuka kusimama?

Ndipo mvua ikagoma.

Kunguru alileta habari mbaya mfululizo. Binadamu walikuwa wamevunja Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, wakapigana vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei, maduka yakabaki na rafu. NUTA nayo ilishabadilishwa jina ikawa JUWATA, jumuiya ya chama tawala, mezani kwa wakubwa lakini bila kisu. Kule Basotu, ambako shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lililima mashamba saba ya ngano kwenye malisho ya Wabarabaig, mitambo ilianza kusimama ikingoja vipuri.

Pale Tumati Mzee Tembo hakupunguza vibaba. Alikuwa mwungwana. Alichofanya ni kuinua kitako cha kibaba kwa ndani, kidole kimoja kila msimu. Nje kilibaki kilekile, na Kihongwe, Msimamizi Mkuu, aliapa mbele ya mkutano kwamba vibaba ni viwili kama mkataba unavyosema. Alikuwa anasema kweli.

Punda wakafanya nini? Hapa ndipo wengi wanaposimulia hekaya hii hukosea, wakisema chama kiliuawa kwa rungu. Hapakuwa na rungu. Kila punda alitafuta mradi wake. Huyu alivuta maji ya watu usiku, yule alilima kipande cha vitunguu saumu bondeni, mwingine alikodisha mgongo kwa walanguzi wa maharage. Asubuhi walifika kazini wamechoka, wakabeba nusu nusu, wakasinzia njiani. Kibaba hakikuwa tena chakula chao, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kukigombea. Ngiri aliitisha mkutano wakaja kumi na wawili, na sita kati yao walikuja kuuza vitunguu.

Wakati huo akatua Korongo. Korongo ni ndege mweupe, hutoka kaskazini mbali kila mwaka, hukaa wiki chache kwenye nyanda, kisha hurudi akiwa ameijua nchi. Alizunguka ghala kwa miguu yake mirefu, akachungulia, akatikisa kichwa. Mwaka ni 1986, akasema. Binadamu wenyewe wamekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa shilingi 17 sasa ni shilingi 40. Wewe Mzee unangoja nini? Midomo ni mingi. Ghala liuzwe. Na hiki chama kimoja cha kuteuliwa, akaongeza kwa huzuni ya kweli, kinakiuka uhuru wa punda.

Msomaji, soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Uhuru ulikuja kwa meli moja na njaa.

Kunguru alithibitisha. Mwaka 1991 binadamu waliiondoa JUWATA wakaunda OTTU, iliyotolewa chini ya kivuli cha chama tawala. Mwaka 1998 wakatunga sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi, kila sekta iwe na chama chake, kila mwanachama achague kiongozi wake. Na kufikia 2001 wakawa na shirikisho jipya, TUCTA. Mambo mazuri yote.

"Na mwaka 1992?" aliuliza punda jike mmoja mwenye alama ndefu ya tandiko mgongoni. Punda walimwita Mama Kovu. "Katikati hapo binadamu walifanya nini?"

Kunguru alikohoa. "Waliunda Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma."

"Kurekebisha?"

"Kuuza, Mama. Na serikali ikapunguza watumishi kwa makumi ya maelfu."

Mzee Tembo akatangaza kwamba tangu siku hiyo punda ni huru kumchagua katibu wao bila kuingiliwa. Ngiri alishukuriwa kwa utumishi wake uliotukuka. Jumatatu ukafanyika uchaguzi, wa kwanza wa haki kuonekana Tumati, na Mama Kovu akashinda. Jumatano ghala likauzwa kwa Fisi.

Fisi aliwasalimia punda kwa ucheshi mwingi. Alisema amekuwa akiwapenda punda tangu utoto. Mzee Tembo alibaki kama mwenyekiti wa bodi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumnyanyua.

Kikao cha kwanza cha majadiliano kilifanyika ndani ya ghala lenyewe, na kwa heshima kubwa. Palikuwa na chai. Mama Kovu alikuja na madai yaliyoandaliwa vizuri: kitako cha kibaba kirudishwe chini, Jumapili irejeshwe, chumvi. Fisi alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, hayo yote ni haki yenu na tutayazungumza," akasema. "Lakini hali ya ghala ni mbaya. Ajenda ya leo ni moja. Sabini wanaondoka. Sheria ya binadamu ya 2004 inataka mwajiri ashauriane na chama kuhusu namna ya kuwachagua. Mimi naheshimu sheria. Kwa hiyo nakuuliza wewe: nani?"

Mama Kovu aliinuka kuondoka. Fisi hakumzuia. Alisema tu, kwa upole, kwamba chama kisiposhauri, itabidi apange orodha peke yake, na yeye hawafahamu punda kwa majina. Angelazimika kuchagua kwa unono.

Mama Kovu akakaa.

Simlaumu. Nimesikia wanaomwita msaliti, na wengi wao hawajawahi kukaa kwenye kiti kile. Majadiliano yalichukua siku tatu, na sijui mjadilianaji aliyefanya kazi kwa bidii kuliko yeye. Siku ya kwanza ilibishaniwa kanuni ya wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka. Vijana wakapiga kelele kwamba wao ndio wenye nguvu. Wazee wakajibu kwamba nguvu hizo wamezikuta tayari zimejengewa njia. Siku ya pili likaja suala la wenye mimba, na Mama Kovu akawatoa wote kwenye orodha. Siku ya tatu akawatoa wenye majeraha. Kila jina lililotoka likahitaji jina la kuingia. Jioni mazizini punda walioshiriki mteremko mmoja tangu utoto wakaanza kuhesabiana siku za kuugua na magunia yaliyodondoka. Miaka yote ile punda walijadiliana na ghala wagawane nini. Sasa walikuwa wakijadiliana wao kwa wao nani atoke, na Fisi alikuwa mwenyekiti anayesinzia.

Kisha kikaja kiinua mgongo. Kunguru alisoma kiwango cha binadamu: angalau malipo ya siku saba kwa kila mwaka uliokamilika kazini, mwisho miaka kumi. Punda mmoja mzee aliyebeba kwa miaka ishirini na miwili aliinua sikio.

"Na ile kumi na miwili nyingine," akauliza, "nilimfanyia nani?"

Hakujibiwa. Sabini wakaondoka usiku, wakisindikizwa mteremkoni na ndugu zake Fisi. Hakuna aliyewaona Dongobesh. Miaka mingi baadaye, Februari 2024, Kunguru alileta habari kwamba Umoja wa Afrika umepiga marufuku biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Punda wa Tumati walifurahi, halafu wakatazamana: ulinzi mkubwa kuliko wote waliowahi kuupata haukuletwa na chama chao.

Mia moja na thelathini waliobaki walibeba mzigo wa mia mbili. Mzigo ulipozidi, Fisi hakuajiri. Alimwita Mbweha, wakala. Mbweha alileta vibarua wa kutwa, na wengi wao walikuwa watoto wa wale sabini. Mama Kovu akaenda kuwaandikisha. Mwajiri wenu nani? Wakaonyesha ghala. Fisi akasema, hao si wangu, muulize Mbweha. Mbweha akasema, mimi nawafikisha tu, muulize Fisi. Vibarua wakasema, Mama, tukijiandikisha kesho hatuitwi. Na hawakuitwa, wale wawili waliojiandikisha.

Jambo la ajabu ni kwamba Umoja wenyewe haukufa. Uliongezeka unene. Kwa sheria, chama chenye wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa naye hula matunda ya mkataba. Nami naona hoja hiyo ni ya haki, mkataba ukiwa na matunda. Konzi zikaendelea kukatwa ghalani. Ofisi ikajengwa, ikapakwa rangi. Fulana za Mei Mosi sasa zilitosha punda. Punda wachache wa kijivu wakachukia, wakajitenga, wakaanzisha Umoja wao wa Kweli, na kwa misimu miwili vyama hivyo viwili vilipigania nani akatiwe konzi. Misimu hiyo Fisi alinenepa sana.

Mara moja tu Mama Kovu alijaribu kusimama mteremkoni kama Kihongwe. Alifuata kila hatua: usuluhishi, siku thelathini, kura, taarifa ya saa arobaini na nane. Wakati huohuo Kunguru alifika mbio kutoka Dar es Salaam. TUCTA walidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 5 Mei 2010. Siku mbili kabla, tarehe 3, Rais Jakaya Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee akasema serikali haina uwezo huo, na kama kura za wafanyakazi ndiyo bei yake, yuko tayari kuzikosa. Mgomo ukaahirishwa.

Mzee Tembo alisikiliza mara moja tu. Akawaita kobe wote wazee wa Tumati, ambao hawabebi magunia, akawahutubia kwa saa nzima juu ya punda. Kobe wakapiga makofi taratibu. Kesho yake mvua haikuwa karibu, ngano haikuwa nyingi, na nyuma ya Mama Kovu njia ilikuwa pana: Mbweha alishaichonga upya ili vibarua wapite pembeni. Alisimama hadi saa nne asubuhi, akashuka.

Sasa nifike ninakotaka kufika. Mwaka huu Fisi ameitisha kikao kingine. Hali ya ghala ni mbaya. Arobaini wanaondoka. Chai ipo. Mama Kovu, mvi hadi masikioni, alichukua kalamu aanze na wenye mimba, kama alivyozoea. Lakini safari hii alikuwa ameongozana na kijana wa tawi, na kijana hakugusa chai.

"Shikamoo Mzee," alimwambia Fisi. "Kabla ya orodha, naomba daftari."

"Daftari gani, mwanangu?"

"La ghala. Umesema hali ni mbaya. Sisi ndio tuliobeba. Kila punda anajua alipanda na magunia mangapi msimu huu, na tumeyahesabu jana usiku, vibarua nao wakiwemo. Tunataka kuona kama hesabu yako na migongo yetu zinakubaliana. Zikikubaliana, tutazungumza majina."

Fisi alicheka, kama kawaida yake. Mzee Tembo hakucheka. Aligeuka kumtafuta Kunguru, amuulize binadamu hufanyaje hapo. Kunguru alijikuna bawa. Alisema kwamba binadamu wengi hawajawahi kuliomba.

Kikao kiliahirishwa kwa sababu mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Mpaka naandika haya hakijarudi, na wale arobaini bado wanapanda mteremko kila siku na vibaba vyao.

Nawe unayesoma, ukiwa mjumbe wa tawi lolote, kiwandani, shambani au shuleni, na umepokea barua ya mwajiri inayoanza na maneno "kutokana na hali ngumu ya uchumi": Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, haimtaki mwajiri ashauriane nawe kuhusu majina tu. Inamtaka kwanza atoe taarifa zote zinazohusu upunguzaji huo, na azungumze nawe sababu zake na njia za kuuepuka. Kisome kabla ya kwenda kikaoni, na nenda nacho mfukoni.